Bi Viti na Ujumbe Uliopokelewa

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili wa karani wa posta na mshona nguo. Nyumba yao haikukaukiwa wageni, na yeye ndiye aliyewakalisha. Siku moja mjomba wake mkubwa alichelewa, akaonyeshwa mkeka. Mjomba alinuna mpaka chai ilipoletwa.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, aliyoimaliza mwaka 1969. Hisabati ilimpiga chenga, lugha alizimudu. Alihitimu chuo cha utawala mwaka 1973.

Mwaka huohuo aliajiriwa kwenye sekretarieti ya mkutano wa kimataifa wa biashara, idara ya itifaki. Kazi yake ilikuwa kupanga nani akae wapi, na bendera ipi isisogezwe karibu na ipi. Wenzake wakambandika jina la Bi Viti.

Mkutano wa mwaka 1988 ndio uliomtia majaribuni. Nchi moja ndogo, iliyojitenga na jirani yake mkubwa, iliandika kuomba kushiriki. Jirani akatangaza kwamba wakiingia hao, yeye anatoka. Mkurugenzi, ambaye hakutaka kumuudhi yeyote, akamwagiza marehemu awajulishe waombaji kwamba barua yao imefika, basi, bila kuahidi kitu. Marehemu akaandika: “Ujumbe wenu umepokelewa kwa heshima.” Yeye alimaanisha barua. Waombaji, waliokuwa wamekwisha kuteua ujumbe wa kuwawakilisha, wakaelewa kuwa ni watu waliokubaliwa. Wakapanda ndege.

Wakatokea mlangoni na masanduku ya sampuli za ngozi. Mlinzi hakuwa na beji zao. Mkurugenzi alishuka mbio, akamvuta marehemu pembeni, akamtaka awaambie kuwa limetokea kosa la uandishi na warudi kwao. Akikaidi, asije akalaumu mtu. Marehemu alikuwa na mtoto mchanga nyumbani, na maana ya maneno hayo aliielewa vizuri. Kiongozi wa ujumbe, mzee wa sauti ndogo, akamuuliza, “Binti yangu, tumepokelewa au hatujapokelewa?”

“Mmepokelewa, mzee. Ingieni.”

Jirani mkubwa alitoka kwa kishindo. Alirudi baada ya chai, maana mikataba ilikuwa imeanza kusainiwa. Marehemu alihamishiwa stoo ya vifaa vya ofisi, akabaki huko hadi alipostaafu mwaka 2006. Ukumbi wa mkutano hakuukanyaga tena. Iliuma, na hakuficha kwamba iliuma.

Aliolewa mwaka 1982 na fundi redio, mtu wa utani, wakajaliwa watoto wawili. Mumewe alipenda kuwaambia wageni kwamba katika nyumba ile yeye ni mtazamaji tu, hana kura. Alimtangulia mwaka 2015.

Mwaka 2021 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alipolazwa mara ya mwisho, mkurugenzi wake wa zamani alifika wodini akitembelea mkongojo. Dada mkubwa wa marehemu alisimama mlangoni, akasema mgonjwa amelala.

“Dada, sijalala,” ikasikika sauti kutoka kitandani. “Mwache aingie.”

Mzee yule alisimama miguuni pa kitanda. “Nilikuonea,” alisema.

“Ulinionea,” alijibu marehemu. “Kaa.”

Tangu hapo alikuja kila wiki, akimmenyea machungwa. Marehemu alifariki dunia asubuhi ya tarehe 4 Juni 2023.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu na dada yake mkubwa. Jana familia ilibishana kama mkurugenzi yule akalishwe mbele au nyuma hapa msibani, na wapo waliosema asije kabisa. Leo asubuhi dada mtu alimshika mzee mkono tangu getini, na ndiye huyo mwenye mkongojo aliyeketi kando yake, mstari wa wafiwa. Tunamwombea marehemu wetu pumziko la amani.