Cheo Kilicholoweshwa Mara Tatu

Wasikilizaji wapendwa, hapa ni redio yenu ya mji wa Baraka, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. Leo tunamkumbuka Ajida Bonaventure Wilondja, mvuvi aliyegeuka askari. Niwaombe radhi mapema: nina hasira leo, na sitaificha.

Bonaventure alizaliwa hapa hapa Baraka. Alikuwa na mbuzi, nyavu mbili na mtumbwi. Mwaka 1998 vita vilipotufikia, alimwachia mkewe Félicité vyote, akapanda milimani na wapiganaji. Huko mkubwa wake aliwafundisha jambo moja: mshahara wa askari hukua kwa miguu miwili, cheo na miaka ya kazi. Leo hakuna kitu, aliwaambia, lakini yote yanaandikwa, na vita vikiisha mtalipwa. Bonaventure aliamini. Alihesabu miaka yake kama mama anavyohesabu miezi ya mimba.

Sasa, mnaijua desturi ya askari wetu. Cheo kipya hakikai begani kikiwa kikavu. Lazima kiloweshwe, yaani mwenye cheo awalishe na kuwanywesha wenzake na wakubwa wake. Mwaka 1999 akawa kaporali: Félicité akatoa mbuzi, akachinjwa, na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa. Mwaka 2001 akawa sajini: zikauzwa nyavu. Mwaka 2003, walipoingizwa katika jeshi la taifa, akawa ajida: ukaenda mtumbwi. Mara tatu, wasikilizaji. Mbuzi, nyavu, mtumbwi. Mtu anapanda cheo, nyumba yake inashuka, na wakubwa wanafuta midomo.

Félicité aliupigania mtumbwi ule. Alimwuliza mumewe watakula nini. Bonaventure alimjibu hivi:

“Mama Clarisse, vumilia kidogo. Ajida hawezi kulipwa sawa na mutu mwenye aliingia jana. Na mi niko na myaka tano.”

Siku ya malipo ikafika. Pesa zilipitia kwanza mkononi mwa yule yule mkubwa wake. Bonaventure alisimama mstarini na vijana walioandikishwa mwezi ule, akapewa sawasawa na wao. Aliuliza kuhusu cheo, akaambiwa barua yake ya kukithibitisha bado iko njiani. Aliuliza kuhusu miaka, akaambiwa ile ya msituni haihesabiwi. Haya basi. Mbuzi wa msituni aliliwa mpaka mifupa, lakini miaka ya msituni haihesabiwi. Huo ni wizi, na mimi sina jina lingine la kuupa.

Binti yake, Clarisse, anakumbuka jioni ile. Baba yake alirudi na sabuni, chumvi na bakuli la ndakala, dagaa wetu wa ziwani. Ndakala wale alikuwa amewanunua kwa mtu aliyenunua mtumbwi wake. Hakula.

Haukupita mwaka. Mwezi uliopita risasi ilimpata kwenye barabara ya Nundu. Siku ya mazishi mkubwa wake alifika na alama mpya za cheo, akatangaza kwamba marehemu amepandishwa kuwa luteni. Kisha, wasikilizaji, mbele ya kaburi bichi, msaidizi wake akauliza familia imeandaa nini cha kukilowesha.

Félicité aliinuka mkekani. Alizichukua zile alama, akamrudishia mkubwa mkononi.

“Mbuzi mulikula. Nyavu mulikunywa. Mutumbwi mulikunywa. Hii ya leo mulipe kwanza, kisha muiloweshe benyewe.”

Hakuna aliyempa mkubwa yule kiti. Alisimama nazo mkononi, halafu akaondoka.

Tunakupa pole, Mama Félicité. Pole, Clarisse. Pole kwa ukoo wote wa Wilondja.

Na ninyi mnaoshika mishahara ya watu kabla ya wenyewe, kama mnanisikia, tafakarini. Barua ya Bonaventure haijafika mpaka leo. Kesho asubuhi teremkeni pwani. Mtamkuta Clarisse akianika ndakala wa watu ili apewe bakuli moja, kando ya mtumbwi uliokuwa wa baba yake.