Kopo la Mke Wangu

Wazee shikamooni, na wenzangu wa dawa, habari za tangu kliniki iliyopita. Mnaniona nimesimama karibu na mlango. Ndivyo nilivyo, napenda kuona nani anaingia.

Mimi nalima mpunga kule Tindiga. Tulipopimwa na mke wangu, wote tulikutwa na virusi vya UKIMWI. Tukapewa dawa za aina moja, kila mtu na kopo lake. Nilikuwa nimekonda, nakohoa kidogo, lakini homa sina. Nikajiambia mwili bado una nguvu.

Ndugu zangu, nawaambia, hazikupita wiki nyingi tezi za shingo zikavimba, homa ikapanda, jasho likalowesha godoro. Mke wangu yeye ananawiri! Nikaanza kutafuta mchawi. Yule muuguzi aliyetupa dawa mbona alinitazama vile? Na huyu anayeniletea maji ya kumezea, anatabasamu nini? Nikawa namwambia aonje kwanza. Mwishowe nikabadilisha makopo kimyakimya: lake nikachukua mimi, langu nikamwachia yeye.

Hali ikazidi. Nikasema basi, zote nazitupa chooni. Mke wangu akanikuta mlangoni pa choo na makopo yote mawili.

"Baba watoto, kopo lina jina langu, nilijua siku ile ile," akasema. "Umemeza zangu na bado umevimba. Sasa utamsingizia nani?"

Tukaenda kliniki Kilosa mjini, mimi nimejiandaa kwa ugomvi.

Muuguzi akanipima makohozi, akakuta kifua kikuu.

"Kilikuwemo muda wote," akasema. "Virusi viliwachosha askari wa mwili wako, wakaacha kuitana. Dawa zimewaamsha, wamemwona adui, sasa wanapigiana kelele kupita kiasi. Homa na uvimbe ndizo kelele zenyewe."

Nikamuuliza tena na tena, kwa maneno tofauti, nione kama atajikanyaga. Hakujikanyaga. Nikakumbuka shambani: mpunga ukiiva na husikii kelele, ujue walioenda kuamia, kufukuza ndege kwa kelele, wamelala. Kumbe ule ukimya wa mwili wangu mwanzoni, bila homa, ndio ulikuwa wa kuogopwa.

Nikatibiwa kifua, na za virusi sikuacha. Tezi zikanywea.

Dada muuguzi, ahsante kwa kunivumilia. Na nyie mnaoanza, mwili ukichachamaa usitupe dawa, rudi kliniki siku hiyo hiyo uulize, hata kwa ukali kama mimi.

Mama watoto yuko pale nyuma, anatabasamu vile vile. Mwenzangu, ahsante. Siku hizi maji yako nayanywa bila kukuonjesha.