Jirani Asiyelala

NATHANAELI: Haloo! Haloo? Nani mwenzangu?

ANYESI: Mimi, baba. Anyesi. Shikamoo.

NATHANAELI: Marahaba, mama. Miwani siioni, simu napokea kwa kupapasa. Nzuguni hamjambo?

ANYESI: Hatujambo. Hombolo je?

NATHANAELI: Tupo. Zabibu zinaliwa na ndege, na mimi naliwa na—

ANYESI: Baba, nipo kazini, salio ni dogo. Watu wa bima wamenipigia.

NATHANAELI: Wamelipa?

ANYESI: Wamekataa. Wanauliza Yotham ni nani.

NATHANAELI: Si yule jirani yangu mwenye punda?

ANYESI: Mimi namjua. Wao ndio hawamjui. Fomu ya mshauri wako wa hospitali, mama Mwanaidi, inasema mwenye kadi Nathanaeli, mgonjwa Yotham!

NATHANAELI: Ee.

ANYESI: Ee nini? Wanadhani tumemwazima mtu kadi. Isiporekebishwa kabla ya saa kumi leo, wanaifunga.

NATHANAELI: Kadi yangu? Na dawa za presha?

ANYESI: Presha, macho, maongezi, vyote.

NATHANAELI: Maongezi wayafunge tu. Saa nzima mtu anakutazama, sindano hakuna, kidonge hakuna, halafu analipwa! Hapa kwetu tunaongea bure.

ANYESI: Mara mbili za kwanza nililipa mwenyewe, kabla bima haijakubali. Hukusema hivyo. Ulisema yule mama ana kiti kizuri.

NATHANAELI: Kiti ni kizuri. Hilo sikatai.

ANYESI: Sasa Yotham kakalia vipi kiti hicho?

NATHANAELI: Hajakalia. Nilimtaja tu. Binti wa watu, umri wako kabisa, ananiuliza, "Mzee, nini kinakusumbua?" Nikamwambia mimi mzima, ila nina jirani.

ANYESI: Mara zote tatu?

NATHANAELI: Yotham ana mambo mengi.

ANYESI: Mambo gani?

NATHANAELI: Usingizi hana. Akipika ugali, anapakua sahani mbili. Mlenda bakuli mbili. Akishakaa ndiyo anakumbuka.

ANYESI: Anakumbuka nini?

NATHANAELI: Si mkewe hayupo tena duniani.

(Kuku wanasikika.)

ANYESI: Baba... mke wa Yotham nilimwona jana sokoni Majengo. Anagombana na mtu juu ya nyanya. Mzima, na sauti yake yote.

NATHANAELI: Krrr... haloo? Mtandao... krrr...

ANYESI: Hiyo krrr unaifanya kwa mdomo.

NATHANAELI: Inajulikana?

ANYESI: Mtandao haukohoi, baba.

NATHANAELI: (anacheka, kisha anaacha) Mama, mimi ujanani nimelala stesheni ya Kaliua juu ya magunia ya karanga. Nimelala kwenye behewa mpaka Mpanda, mvua inaingia. Leo nikamwambie mtoto wa watu kwamba godoro ulilonunua wewe limenishinda?

ANYESI: Sijasema ni wewe.

NATHANAELI: Na mimi sijasema.

ANYESI: Haya. Ila fomu inataka jina moja.

(Mtandao unakwaruza, kweli sasa.)

NATHANAELI: Anyesi.

ANYESI: Naam, baba.

NATHANAELI: Yotham akifutwa, aliyoyasema yanafutwa pia? Maana kuyasema upya... yule mtu amechoka.

ANYESI: Hayafutwi. Linabadilika jina tu.

NATHANAELI: Mwenyewe akisikia nimempeleka hospitali mara tatu bila ruhusa, atadai jogoo.

ANYESI: Jogoo nitatoa mimi. Baba, saa tisa hii, na salio ndilo hilo linaisha. Nikimpigia mama Mwanaidi nimwambieje?

NATHANAELI: Kadi ina picha ya nani?

ANYESI: Yako. Ile uliyonuna.

NATHANAELI: Basi mwambie mgonjwa ni huyo aliyenuna. Jumatano anakuja mwenyewe. Yotham abaki na punda wake.

ANYESI: (polepole) Asante, baba.

NATHANAELI: Unalia?

ANYESI: Mafua. Vumbi la Nzuguni.

NATHANAELI: Aa. Vumbi.

ANYESI: Jumamosi nakuja kula. Upike.

NATHANAELI: Sahani mbili?

ANYESI: Mbili. Na mlenda bakuli mb—

NATHANAELI: Njoo na njaa, mama, maana... Haloo? Anyesi? Haloo! Safari hii si mimi!