Saini ya Diwani Aliyekuwa Njiani

Zimeni hiyo redio, wanangu, fungeni na mlango wa uani, kisha mkae mahali ninapoweza kuwaona wote wawili. Fundi, kaa hapo miguuni. Mwalimu, mama yangu, shika kalamu, lakini usiandike mpaka nikuambie, maana haya ya mwanzo ni mepesi. Nyumba hii ni yenu wote, asiiuze mmoja bila mwenzake. Baiskeli ni ya Fundi, ingawa ameicheka miaka yote. Cherehani ya marehemu mama yenu ni yako, Mwalimu. Na kile kiti kilicho dirishani kiacheni hapo hapo, najua mmekuwa mkikisogeza mkidhani kinaniziba upepo.

Sasa andika.

Mnajua nilikuwa tarishi wa halmashauri miaka ishirini na sita, na kwamba siku za kikao nilisimama mlangoni na daftari la mahudhurio, kila diwani akiingia aweke saini. Msichokijua ni kwamba saini zao zote nilikuwa naziweza. Ilianza kama mzaha. Diwani amechelewa, anatuma neno, niandikie bwana, niko njiani, nami naandika. Mwenyekiti alikuwa akinitania kwamba siku moja nitakaa baraza zima peke yangu, nami nikicheka, Mungu anisamehe, nikijiona mtu.

Kati yao alikuwapo yule tuliyemwita Kikohozi. Ujana wake aliumalizia machimboni akipasua mawe, vumbi likamkaa kifuani, basi hakuweza kusema neno kabla ya kukohoa mara mbili, kavu, kama mtu anayebisha hodi. Siku moja kabla ya kikao cha kupitisha kiwanja cha shule ya sekondari, alinifuata ofisini na karatasi aliyoichora kwa penseli. Akaniambia, "Iweke kwenye faili. Pale upande wa chini ni patupu. Tulichimba mawe sisi wenyewe, wakaja kufukia kwa takataka na udongo. Kesho nitasema mwenyewe, wasipitishe kabla sijafika." Nikaitia mfukoni, nikasema haya, mzee.

Kesho yake walifika saba, na akidi ni wanane. Saa nne ikapita. Mwenyekiti akatoka kuniuliza Kikohozi yuko wapi, nikasema yuko njiani. Akasema, si yuko njiani, basi mwandikie. Nisimsingizie mwenyekiti, naye sasa ni marehemu, hakunishika mkono. Mimi niliitaka ile shule. Wewe Mwalimu ulikuwa darasa la saba, sekondari ya karibu ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, nikaona mzee huyu na mashimo yake ya zamani ataturudisha nyuma. Niliiandika saini yake vizuri kuliko alivyoiandika yeye. Kiwanja kikapitishwa, na kwenye muhtasari wakaandika kwamba wajumbe wanane walihudhuria na hakukuwa na pingamizi.

Kabla hawajatoka, mke wa Kikohozi akaja mlangoni. Alisema mumewe ameondoka nyumbani anakohoa vibaya, moyo wake umekataa kutulia, anataka kujua tu kama amefika. Ningeweza kusema hajafika. Neno moja. Badala yake nilimfungulia daftari, nikaweka kidole kwenye saini, nikamwambia, "Huyu hapa, shemeji. Yuko ndani, kikao hakiingiliwi." Akaitazama, akaitambua, akanishukuru, akarudi kwake kwa barabara kubwa.

Mumewe alikuwa kwenye njia ya mkato, nyuma ya ukuta wa karakana. Walimkuta alasiri. Wanangu, hakufa pale alipoangukia. Udongo ulionyesha alivyojikokota, hatua kama kumi hivi, akielekea kwetu ofisini, na kucha zake zilijaa mchanga. Hakuna aliyemtafuta, kwa kuwa daftari lilisema ameketi. Wale saba walinyamaza, kila mmoja akaangalia viatu vyake, na mji mzima ukaambiwa kwamba alianguka akitoka kikaoni.

Siku ya maziko mkewe aliniuliza swali moja tu, kama mumewe aliwahi kulisema neno lake. Nikamjibu, alilisema. Tangu hapo sikuweza kumtazama usoni, ndipo nikazua ule ugomvi wa ua wa mpaka wetu na wake mlioniona nao, mkaurithi, mkawakataza hata watoto wenu kupita kwake. Ua ule uko pale pale ulipokuwa siku zote. Mama wa watu hajanikosea kitu.

Mungu alinihurumia, au labda alinisubiri, shule haikujengwa, fedha hazikuja, faili likalala miaka kumi na tisa. Lakini kile kikohozi hakikulala. Hunijia mchana, saa nne, mara mbili, kavu, nikiwa katika sala, nikiwa nanyoa ndevu. Mama yenu alijua nashtuka, hakujua nashtushwa na nini. Nimefunga, nimetubu, nimelia mbele za Mungu, na kila mara nilitubu yote isipokuwa hili, kama mtu anayefagia chumba akizunguka kitanda.

Sasa Mwalimu umehangaika na kamati yako mpaka halmashauri imekubali kujenga, wakasema kibali cha zamani kinatosha. Fundi umepewa kazi ya msingi, unaanza Jumatatu, upande ule ule wa chini. Mlipokuja na habari hiyo mkicheka, niligeukia ukutani, mkasema baba amechoka.

Fundi, ishushe picha ya harusi. Fungua nyuma. Ndiyo hiyo karatasi, mashimo ni pale alipotia weusi. Usichimbe hata jembe moja. Mwalimu, uipeleke wewe mwenyewe halmashauri pamoja na haya uliyoandika, kabla ya Jumatatu. Kibali kitafutwa. Wataanza upya, huenda shule ikachelewa tena, na watu watakusema kwamba baba yako ndiye aliyeizuia. Vumilia. Wajenge upande wa juu, penye mwamba. Usilie, mama, andika.

Lakini kwanza nendeni kwa mjane. Vukeni ule ua wote wawili, mumweleze mumewe alikuwa wapi wakati yeye anatazama kidole changu. Msimwombe anisamehe. Mwelezeni tu.

Nipe kalamu... nishike kiwiko. Nimeandika saini za watu maisha yangu yote. Hii ni yangu. Imepinda, si kitu.

Mungu awalinde, wanangu. Awape kinywa cha kusema hajafika, mtu akiwa hajafika. Amina.

Maji... hapana, acha. Saa ngapi sasa? Nne?

Nani amekohoa? Fundi, ni wewe?

Si wewe.

Basi kisogezeni kile kiti. Hapa, karibu na kitanda.

Karibu, mzee. Keti. Hatujapitisha kitu. Tunakusikiliza.