Gari Lililosikika Kabla ya Kufika

Amani kwenu nyote, mliokaa mabenchini na mliosimama mlangoni. Nawaona ndugu wa Koboko, Wakristo na Waislamu, na najua baba za baadhi yenu walivaa magwanda ya jeshi. Msiogope. Sitataja jina la mtu leo, wala sikuja kumnyooshea mtu kidole. Mmeniomba nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Nitaeleza kwa mpangilio, kama fundi anavyofungua injini: anaanza na kilicho juu.

Wazazi wetu walifariki mwaka wa 1971, baba kwanza, na mama kabla mvua haijaisha. Mimi ndiye mkubwa. Nilirudisha vitabu vya shule, nikawaambia wadogo zangu watatu, "Nyinyi mtaendelea. Mimi imenitosha." Nikaja hapa Arua kushika spana katika gereji ya Muhindi mmoja aliyependa magari ya mbio kuliko chakula.

Huyo ndiye aliyeniambukiza. Alinifundisha kufunga macho na kusikiliza. Vali iliyolegea inagonga kama kijiko kwenye kikombe. Beringi iliyochoka inanung'unika. Kabureta mbili ukitaka zifanye kazi pamoja, unachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta. Unasikiliza pumzi ya hii, kisha ya ile, unakaza skrubu kidogo kidogo mpaka zivute pumzi kama mapacha waliolala.

Mwaka uliofuata, Wahindi walipoamriwa waondoke nchini, aliniita nyuma ya gereji. Palikuwa na magari mawili. Moja la Kifaransa, zima, viti laini. La pili dogo la Kijapani, aina ile iliyokuwa ikishinda rali, lakini lilikuwa limebingirika na majani yameota mpaka ndani ya dirisha. Akasema, "Chagua moja. Lingine watachukua wanajeshi."

Ndugu zangu, nyinyi mngechagua lipi? Mimi nilichagua lililobingirika. Niliinua boneti, nikaona kabureta mbili, nikazungusha injini kwa mkono, nikahisi kifua chake bado kigumu. Tulilivuta kwa lori mpaka nyumbani Koboko. Dada yangu anayenifuata alilizunguka, mikono kiunoni.

"Kaka, uliachiwa gari zima, ukatuletea maiti?"

"Injini yake nzuri."

"Tutaichemsha tule?"

Vipuri vilikuwa vimekwisha madukani. Nilikuwa nashuka hadi Vurra, mpakani, na wafanyabiashara wa Kongo wananiletea plagi na vali ndani ya magunia ya mihogo mikavu. Nilinyoosha bati kwa nyundo, nikakata gasketi mwenyewe, nikainua springi kwa ajili ya mashimo. Breki nilizimaliza kabla sijagusa nguvu ya injini, maana mwenye mbio bila breki ni marehemu ambaye hajaambiwa. Jirani yetu seremala alinichongea dashibodi ya mvule. Mzee huyo alikuwa hasikii kabisa, tangu utotoni. Injini ilipowaka aliweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho, akacheka peke yake. Nilikuwa nabadilisha mwendo wa injini, naye anatikisa kichwa kila nilipokosea. Nawaambia kweli, kiganja chake kilisikia kuliko masikio ya wengi.

Gari lile lilitulisha. Nilibeba wafanyabiashara kati ya Koboko na Arua, nilibeba wagonjwa, na wadogo zangu wakaendelea na shule. Siku za Jumapili nilikuwa naliendesha bila sababu yoyote. Anayependa gari ataelewa, asiyependa atanisamehe.

Kisha mkubwa mmoja wa jeshi akaliona, sokoni Koboko. Alikuja na vijana wake wenye miwani nyeusi, akalipiga teke tairi.

"Gari hii iko ya nani?"

"Iko yangu, afande."

"Hapana. Ilikuwa yako." Vijana wakacheka. "Leta funguo. Usiogope, fundi, wewe utakuwa daktari yake. Ikiugua, nakuletea. Ikikufa, na wewe unakufa."

Nikampa. Wadogo zangu walikuwa wamesimama pale pale, mmoja ameshika shati langu.

Liliporudi mara ya kwanza kwa matengenezo, nilifungua buti nitoe jeki. Ndani palikuwa na kiatu kimoja cha turubai, cha mtu mzima. Kamba yake bado imefungwa vizuri, kwa fundo la shule, lile tulilofundishwa utotoni. Nilimwita kijana aliyelileta.

"Iko kiatu hapa."

"Iko ya mutu alisahau."

"Atarudi kuchukua?"

Alinirushia kitambaa. "Osha tu, fundi."

Niliosha. Sina la kuongeza hapo.

Basi gari nililolifufua kwa mikono yangu lilikuwa linapita Koboko, na baada ya kupita, nyumba fulani inakosa mtu. Kisimani watu walimwambia dada yangu, "Ndugu yenu ndiye anayewatilia mafuta." Alirudi na ndoo, akapika, akala nasi bila kuinua macho.

Siku moja mkubwa mwenyewe alilileta. "Fundi, ongeza nguvu. Inanichelewesha."

Nilikaa na lile gari peke yangu. Ningeweza kuliua, skrubu moja ndani ya injini ingetosha. Lakini wangejua, na nilikuwa na wadogo watatu nyumbani. Ningeweza kuliongezea mbio kweli, hilo nililijua vizuri mno. Nililala uvunguni mwa gari nikitazama bomba la moshi. Ndugu zangu, wazo lilinijia hapo, kutoka kwa yule yule Muhindi aliyekuwa akisema kwamba kelele humdanganya dereva: gari likinguruma, mtu huapa kwamba linakimbia zaidi.

Nilikata ekzosi. Nilitoa vizuizi vyote vya ndani vinavyomeza sauti, nikaunga bomba pana lililonyooka, toka injini mpaka nyuma. Nguvu iliongezeka kidogo sana. Sauti, nyinyi wenyewe mliisikia.

Mkubwa alipokuja, nilimwambia, "Afande, gari ya rali haiwezi kupumua ikiwa na pamba mdomoni."

Alikanyaga mafuta. Mbuzi walikata kamba. Alitoa kichwa dirishani, meno yote nje. "Ndiyo, fundi! Wasikie mkubwa anakuja!"

Na waliisikia. Sauti ilitangulia kwenye mabonde, ikafika kabla ya vumbi. Dada yangu aliniambia kwamba sokoni wanaume waliinuka bila kumaliza chai, na kwamba nyumba kadhaa zilikutwa tupu, sufuria bado jikoni. Hakujua kwa nini nililia. Sikumwambia mtu yeyote, kwa sababu siri ya namna ile ikiwa na watu wawili, watatu watakufa. Waliendelea kunitukana, nami nikaendelea kusalimia.

Sasa nafika mahali ambapo bado naenda kila siku, hata nikiwa nimekaa hapa mbele yenu.

Mchana mmoja lilikuja kijijini kwetu. Mimi nilikuwa Arua kutafuta plagi. Wanakijiji walilisikia likiwa bado kwenye daraja la chini, wakajificha kwenye shamba la mtama. Vijana wa mkubwa walifika, wakakuta kijiji kitupu, ila uwanja mmoja. Seremala alikuwa ameinama anapiga randa. Alikuwa amewapa mgongo. Sijui walimtaka nani siku hiyo. Walichukua aliyekuwepo.

Niliporudi nilikuta randa imesimama katikati ya ubao, na unyoya wa mbao bado umejikunja mdomoni mwake.

Mimi ndiye niliyejua kuliko wote kwamba hasikii. Nilitengeneza onyo kwa wenye masikio, nikasahau kiganja kile juu ya boneti. Hapo ndipo nilipoanguka. Nilifunga karakana yangu ya nyumbani. Nilikunywa waragi tangu asubuhi, mikono ikaanza kutetemeka mpaka sikuweza kushika spana. Nilikuwa nasikia gari likija wakati hakuna gari. Nikitoka barabarani, barabara nyeupe, haina kitu. Nikirudi ndani, linakuja tena. Wadogo zangu walikula kwa majirani wale wale waliotutukana, na dada yangu aliacha kuniita kaka.

Mjane wa seremala alikuja. Amekaa kati yenu hapa, sitamtaja. Alibeba mguu wa kitanda begani.

"Fundi, iko wewe ulikata bomba ya gari ile?"

Nilifikiri amekuja kuniua, na sikujali. "Iko mimi, Mama."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Alishusha mguu wa kitanda chini, kisha akasema, "Watoto yangu wawili walikuwa kisimani. Walisikia, wakakimbia, wako hai. Mimi nilikuwa Arua sokoni. Baba yao, kijiji mzima ilijua hasikii. Walipita mbele ya mlango yake wakikimbia. Hakuna hata moja iligusa bega yake."

Nikaanza kuomba msamaha. Alinikatiza. "Nyamaza. Sikukuja kwa maneno hiyo. Kitanda yangu imevunjika mguu, na seremala hayuko. Fanya."

"Mama, mikono yangu inatetemeka."

"Basi nitashika mbao."

Akashika mbao. Nilipiga misumari mitatu, yote ikapinda. Alinyoosha, akanirudishia. Kesho yake alileta kigoda. Kesho kutwa mlango wa kuku. Sidhani vitu vile vyote vilivunjika vyenyewe. Na hakuniruhusu kushika kitu kama nilinuka pombe. Alikuwa anageuka na kurudi nacho kwake.

Siku ambayo misumari yote ilinyooka, nilimwuliza kuhusu wengine kijijini: ajuza asiyeona, kijana mwenye miguu mibovu, mama aliyetoka kujifungua. Tukaenda nyumba kwa nyumba, mjane mbele, mimi nyuma. Wale waliokuwa wakinitukana walimsikiliza yeye, kwa sababu nani angethubutu kumkatalia? Kila asiyeweza kusikia au kukimbia alipewa mtu wake wa kumpitia. Dada yangu alimchukua ajuza. "Huyu ni wangu," alisema, "na kaka atambeba upande wa miguu."

Lilikuja tena. Lilinguruma darajani, na safari hii sikuona watu wakikimbia kwanza kwenda mtamani. Niliona watu wakikimbia kuelekea nyumba za wenzao. Mimi na dada yangu tulimbeba ajuza kwenye mkeka, naye alikuwa anatugombeza kwamba tunamtikisa. Tulilala kwenye mtama tukasikia injini yangu ikizunguka uwanjani, ikingoja, ikizungukazunguka. Kabureta ya pili ilikuwa imeanza kukosa pumzi. Kisha ikaondoka. Tulihesabiana. Wote tulikuwepo.

Mwaka huu, 1979, serikali yao imeanguka, na wakubwa wale wamekimbilia kaskazini, ng'ambo ya mpaka. Nilisimama kando ya barabara nikalisikiliza likienda, mpaka sauti ikaisha masikioni mwa wengine.

Namshukuru mjane yule. Nawashukuru majirani waliolisha wadogo zangu huku wakinichukia. Namshukuru dada yangu, aliyerudi kuniita kaka. Na nyinyi mnaoogopa kinachokuja sasa, maana nasikia wako wanaotaka kulipiza kwa watoto wa wanajeshi, nawaachia hili moja: ukisikia hatari, usifurahie masikio yako. Kabla hujakimbia, gusa bega la asiyesikia, hata kama baba yake alivaa magwanda.

Mimi bado nalisikia lile gari. Likija, naamka, naenda kugonga mlango wa jirani. Wanafungua, wanatazama barabara pamoja nami, wanasema, "Hakuna kitu, fundi. Rudi ulale." Hawajachoka kufungua. Mungu awabariki wanaofungua.