Dada Mkubwa na Dirisha Lisilo na Pazia

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Dada Mkubwa anastaafu baada ya kuitumikia kliniki yetu ya afya na mapumziko kwa miaka ishirini na sita. Jina hilo alipewa na watu wa mapokezi alipokuwa bado msichana, kwa jinsi alivyopenda kuamrisha, likamganda mpaka leo. Hata wateja waliomzidi umri humwita hivyo.

Alianzia chumba cha kufulia taulo, na huko ndiko alikoanza kututoa jasho. Taulo isiyokunjwa pembe kwa pembe ilirudi kwa aliyeikunja, awe nani awaye. Baadaye akajifunza kuchua misuli, na kwa muda mrefu mikono yake ndiyo iliyokuwa tegemeo letu. Madereva wenye viuno vilivyokaza na walimu wenye shingo ngumu walimtaka yeye tu, na aliyepangiwa mchuaji mwingine alinuna waziwazi. Mimi ninayeandika haya ndiye niliyekuwa huyo mwingine.

Miaka minane iliyopita kliniki ilinunua mashine za tiba ya mwanga mwekundu: paneli ndefu zilizojaa vitaa vidogo, ambazo mteja hukaa mbele yake kwa dakika chache, amevaa miwani ya kukinga macho. Wengi wetu tulizikwepa. Dada Mkubwa akalivalia njuga jambo hilo, akaenda mafunzoni, akarudi na kukabidhiwa chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa linalotazama barabara.

Na hapo ndipo tulipochemsha. Katika vikao vyetu vyote vya maandalizi, hakuna aliyejiuliza mtaa utaona nini giza likianza kuingia. Mtaa uliona taa nyekundu. Jioni ya kwanza bwana mmoja aliingia, akavuta kiti, akaagiza bia baridi. Wa pili hakutaka bia. Aliuliza kwa sauti ya chini kama wasichana wapo. Haikupita wiki, majirani wakaitisha kikao cha kutaka chumba kifungwe.

Hilo lingemuumiza mfanyakazi yeyote, lakini kwake lilifika mpaka nyumbani. Mama mkwe wake, anayeheshimika mtaani kuliko sisi sote tukijumlishwa, aliisikia habari sokoni. Hakugomba. Aliacha tu kula chakula kilichopikwa na mke wa mwanawe, na wenye wakwe wanajua uzito wa hilo. Dada Mkubwa alikuja kazini macho yamevimba. Alikuwa anapoteza chumba alichokihangaikia na heshima ya nyumbani kwake kwa mpigo, nasi tuliumia naye.

Meneja, kwa nia njema kabisa, alinunua pazia jeusi. Dada Mkubwa alilikunja vizuri akamrudishia. Alisema tukifunika ndiyo wataamini tunaficha kitu. Kisha akaenda nyumbani akamwomba mama mkwe jambo moja tu: aje na magoti yake yanayomsumbua, akae mwenyewe mbele ya taa, halafu ndipo ahukumu.

 Siku chache baadaye, saa ya watu kutoka makazini, mama mkwe alitokea mlangoni amevaa kama mtu anayekwenda harusini. Akakaa dirishani, mkoba mapajani, magoti kwenye mwanga, miwani usoni, ameelekea barabarani makusudi. Sisi roho zilikuwa juu. Wa kwanza kusimama nje alikuwa mwenyekiti wa kikao cha majirani. Mama alivua miwani, akagonga kioo, akamwita ndani kwa kidole. Alichomwambia hatukukisikia chote, ila mwisho wake ulitufikia: "Kama hapa ni baa, basi mimi ndiye mhudumu. Agiza!" Yule bwana aliaga kwa adabu zote, na kikao hakikufanyika. Usiku ule mama mkwe alikula, akaomba aongezewe.

Tangu hapo chumba hakijakosa watu, ingawa ukweli wa Dada Mkubwa umetukosesha wateja kadhaa. Bango la kusema taa inaponya kila kitu alilikataa katakata. Mwenye kidonda kisichofunga alielekezwa hospitali kwanza. Bwana harusi aliyetaka upara wake uote nywele kabla ya Jumamosi alishauriwa anunue kofia. Hata magoti ya mama mkwe, ukiyaulizia, utaambiwa yamepunguza kelele, hayajapona.

Mwezi uliopita mama mkwe alifika ofisini kwa meneja, peke yake, bila miadi. Tulidhani kuna malalamiko. Kumbe alikuja kuuliza kama mjukuu wake wa kike, binti wa Dada Mkubwa, aliyemaliza mafunzo, anaweza kuomba kazi katika chumba kile kile cha taa. Akajibiwa kwamba binti atasailiwa kama wengine. Alisailiwa, akawashinda wote, na anaanza Jumatatu. Dada Mkubwa alipojua ni nani aliyekuja kumwombea mwanawe, alikaa kwenye kiti cha wateja akalia, nasi tukamwacha alie.

Dada Mkubwa, asante kwa mikono yako, kwa ukali wako na kwa kutufundisha kufanya kazi peupe. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku ndefu zenye furaha. Ukitukumbuka, karibu sana, lakini uje mapema: mama mkwe wako ameshasema kiti cha dirishani ni chake.