Hewa ya Wodi ya Wanaume

Mheshimiwa Mganga Mkuu, ndugu wajumbe wa bodi, madaktari na wauguzi, mafundi wenzangu, ndugu wageni waalikwa: nawasalimu nyote kwa heshima.

Leo nastaafu. Wengi wenu mnaijua sauti ya chumba changu kule nyuma ya jengo la kufulia, lakini ni wangapi mmewahi kuingia? Mle ndani kompresa husukuma hewa ya kawaida kwenye tangi lenye punje nyeupe. Presha ikipanda, punje hunasa naitrojeni, na oksijeni hupita kwenda wodini. Punje zikishiba, presha hushushwa, naitrojeni hutoka ikifoka, na tangi la pili hushika zamu. Marehemu mume wangu akiutaja mtambo huo alisema, “Msalimie mume mwenzangu.”

Alipolazwa kwa ugonjwa wa mapafu, alikuwa akivuta hewa niliyoitengeneza mimi. Ndipo kifaa cha kubadilisha matangi kikafa. Mitungi ya akiba ilikuwa imekwisha, na fundi wa kukirekebisha alikuwa bado yuko njiani. Nikawa nafungua na kufunga valvu kwa mkono, tangi hili, kisha lile.

Muuguzi wa zamu akaja mbio. “Dada, shemeji anakuulizia. Njoo hata kidogo.”

“Nikitoka hapa, nani atageuza?”

Akarudi mbio wodini. Mngekuwa mimi, ndugu zangu, mngefanyaje? Hewa yake ilikuwa mikononi mwangu, pamoja na ya wodi nzima.

Alasiri akaja tena, akasimama mlangoni, safari hii bila kuniita. Nikajua. Nikamuuliza tu, “Wengine je?”

“Wanapumua, dada.”

Nikaendelea kugeuza hadi fundi alipofika. Baadaye muuguzi huyo alinieleza maneno ya mwisho ya mume wangu: “Mwacheni. Akija huku, sote tutakwama.” Mumeo akikuelewa kiasi hicho, utamlaumu nani? Nawashukuru wauguzi waliomshika mkono kwa niaba yangu.

Bodi imenizawadia viti viwili vya kupumzikia. Ni vizuri mno, na najua aliyevichagua aliwaza nyumba yenye watu wawili. Sitarudisha hata kimoja. Anayepita mtaani kwetu asiogope kubisha hodi. Mchana nipo, jioni nipo, na chai ya mtu mmoja hainogi.

Asanteni sana kwa kunipa masikio yenu.